Deni la Vita vya Haki

Naamini vita vya Kagera vilikuwa vya haki. Naliweka hilo mbele makusudi, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema yanaweza kumfanya msomaji adhani nimegeuka. Sijageuka. Ila nimekulia kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara kutoka Kyaka ya Kagera. Kwetu halikuanguka bomu hata moja, na bado tulivilipia vita vile kwa miaka mingi. Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba tukishakubaliana kuwa vita vilikuwa vya haki, tunaacha kuhesabu vilimgharimu nani, na kiasi gani. Tunaona kana kwamba kuhesabu ni kuwavunjia heshima waliokwenda. Mimi naona kutohesabu ndiko kunakowavunjia heshima.

Mwaka 1978 nilikuwa darasa la nne. Kwa babu kulikuwa na redio ya National iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na haikuwashwa ovyo kwa sababu betri zilikuwa ghali. Mwanzoni mwa Novemba ikawa inawashwa kutwa. Wanaume walijaa barazani na makoti yao mazito, mvua za kwanza zimeanza, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na sisi watoto tukawa tunafukuzwa tusipige kelele. Habari zenyewe zilikuwa mbaya. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuichukua ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, na Novemba 1 Amin akatangaza kwamba sasa ni sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa, kiwanda cha sukari kikaporwa, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, wanawake wakatekwa. Raia waliouawa wanakadiriwa kufikia 1,500. Mwalimu Nyerere alipozungumza Novemba 2 na kusema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, hakuna mtu pale barazani aliyehitaji kushawishiwa.

Siku zilizofuata balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango akiandika michango. Kwetu watu walitoa maharage, mikungu ya ndizi, na aliyejaliwa alitoa ng'ombe. Kwa Mnyakyusa kutoa ng'ombe si jambo dogo. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye wa kuchinjwa msibani, ndiye anayemfanya mtu asikilizwe akisimama kusema. Babu alitoa ndama jike. Namkumbuka akimfungua yeye mwenyewe kambani, akampapasa shingoni, akampa balozi kamba bila neno. Hakulazimishwa. Lori la mfanyabiashara mmoja wa Tukuyu, lililokuwa likipeleka ndizi Mbeya, nalo likachukuliwa kwenda kubeba askari, na mwenyewe akalisindikiza kwa kupunga mkono.

Kisha akaondoka Baba Mdogo. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, ameshapita mgambo, ameshaposa huko Masukulu. Jeshi la wananchi lililokuwa na watu wapatao 40,000 lilikuzwa ndani ya miezi michache hadi kupita 100,000 kwa kuongezewa polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na wanamgambo wa aina yake, vijana wa mashambani waliojua jembe na panga kuliko bunduki. Baba Mdogo alipanda treni ya TAZARA pale Mbeya hadi Dar es Salaam, akageuza na reli ya kati hadi Mwanza, kisha meli hadi Bukoba. Bibi alimfungia maharage ya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Hatukumwona tena kwa zaidi ya mwaka.

Haki ya vita vile naiona wazi, lakini sitaki kuipaka rangi isiyokuwa yake. Mwaka 1972 wapiganaji wa Milton Obote, waliokuwa wamehifadhiwa kwetu baada ya Amin kupindua serikali, waliingia Uganda wakitokea Tanzania. Walishindwa vibaya, na Amin akajibu kwa kupiga mabomu Bukoba na Mwanza, mpaka pande mbili zikakutanishwa Mogadishu zikawekeana sahihi. Kwa hiyo uhasama ulikuwa na mizizi, na mmoja wa mizizi hiyo ulikuwa upande wetu. Hata hivyo hakuna mkulima wa Kyaka aliyeshiriki mambo ya 1972, na ndiye aliyechinjwa 1978. Kwa huyo, kutoka na kupigana kulikuwa wajibu. Nyerere mwenyewe hakuwa mtu wa kutukuza vita. Miaka kumi kabla, Aprili 1968, aliitambua Biafra iliyokuwa imejitenga na Nigeria, akikataa hoja kwamba umoja wa nchi unaweza kulindwa kwa kuwaua wale unaotaka kuungana nao. Aliyesema hivyo ndiye aliyeamuru tumpige Amin, na sioni mgongano kati ya mambo hayo mawili.

Nimelelewa Moraviani, kama nusu ya watu ninaowafahamu Rungwe. Mchungaji wetu aliwaombea askari kila Jumapili kwa majina, na sauti yake ilikuwa ikikatika akifika majina ya vijana wa usharika. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, ndipo nilipojifunza kwamba kanisa hilo lililofika Rungwe mwaka 1891 na akina Theodor Meyer lilianza Bohemia mwaka 1457 kama jumuiya ya watu waliokataa upanga kabisa. Walifuata mafundisho ya Petr Chelčický, mkulima aliyeandika kwamba Mkristo hana ruhusa ya kuua, hata kwa amri ya mfalme, hata katika vita vinavyoitwa vitakatifu. Baadaye walilegeza msimamo, na karne ya kumi na saba vita viliwasambaratisha wakabaki wachache wa kujificha. Imani ile ilitufikia ikiwa imeshauacha ule msimamo njiani, na hakuna aliyetufundisha kwamba uliwahi kuwapo.

Si Chelčický peke yake aliyekataa silaha na historia yake ikagusa kwetu. Godfrey Wilson, aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mkewe Monica wakijifunza maisha ya wazee wetu, aliacha ukurugenzi wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone mwaka 1941 kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kupigana. Watu hawa nawaheshimu kutoka moyoni. Lakini najaribu kumweka Chelčický Kyaka, asubuhi ya Oktoba 30, mbele ya mama anayeburutwa, na siwezi kumkubali. Mahali hapo nasimama na babu na ndama wake. Ninachokichukua kwa wale waliokataa ni ukaidi wao wa kutokubali kwamba mauaji yanageuka kuwa kitu kingine yakifanywa kwa sababu njema.

Vita vilipokwisha, Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Gharama zinakadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500, na nchi haikuwa nazo. Si vita peke yake vilivyotuangusha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na tukalazimika kununua upya vitu tulivyokuwa tukimiliki kwa pamoja; bei ya mafuta ikapaa tena mwaka 1979; mvua zikagoma sehemu nyingi; na sera zetu wenyewe za vijiji na za biashara zilikuwa zimeshamchosha mkulima. Anayevitwika vita mzigo wote anakosea. Lakini fedha za kigeni zilizokwenda kwenye risasi, dizeli na buti hazikurudi kununua dawa na sabuni, na miezi 18 ilipokwisha hali ilikuwa mbaya kuliko siku tuliyoombwa.

Rungwe hatukufa njaa. Ardhi yetu hainyimi mtu: ndizi zipo mwaka mzima, maharage yapo, maziwa yapo, mvua inanyesha mpaka inachosha. Ndiyo maana watu wa mjini wa wakati ule walituona tumepona. Tulichokosa ni vile visivyoota. Chumvi ilipimwa kwa kijiko. Mafuta ya taa yalikuja kwenye duka la kijiji kwa siku moja, foleni ikaanza usiku, na kufikia saa tatu asubuhi pipa lilikuwa tupu. Mama alianika maganda ya ndizi juani, akayachoma, akachuja majivu yake kwa maji ndani ya kibuyu kilichotobolewa, na maji yale ya kuteleza ndiyo tuliyofulia sare za shule. Yalikuwa yanaondoa uchafu kweli, na ngozi ya vidole pia. Mpaka leo nikiwaona akina mama wa umri wake natazama mikono kwanza. Shuleni tuligawana daftari moja kwa masomo matatu, Kiswahili mbele, Hesabu katikati, Siasa nyuma, na mwalimu aliandika kwa vipande vya muhogo mkavu chaki zilipokwisha.

Kilichowaumiza wazee kuliko yote kilikuwa sanda. Kwetu msiba ni mkubwa kuliko harusi. Mtu anaweza kuishi maisha ya kawaida kabisa, lakini azikwe vizuri, watu wajae, ng'ombe achinjwe, na mwili ufungwe katika nguo mpya nyeupe. Alifariki shangazi wa baba, mwanamke aliyezalisha nusu ya kijiji chetu, na nguo nyeupe haikupatikana Tukuyu nzima. Wajomba walizunguka maduka ya mjini, wakateremka mpaka Kyela, wakarudi mikono mitupu. Mwishowe bibi harusi mmoja wa jirani, ambaye ndoa yake haikuwa imefikisha hata mwezi, alitandua shuka lake la kitandani akalileta limekunjwa chini ya kwapa. Shangazi akazikwa nalo. Wazee walishukuru, ndaga fijo, ndaga fijo, lakini walikuwa wameinamisha macho, na nilimsikia babu akisema usiku kwamba hajawahi kuona ukoo wake ukiaibika vile. Nani aliiandika aibu hiyo popote kama gharama ya vita?

Malawi kulikuwa na sabuni. Wote tulijua. Mto Songwe hauna upana wa kumtisha mtu, na ng'ambo ya pili wanaishi ndugu zetu wenye lugha ileile. Mama na wenzake waliteremka usiku na maharage na kahawa, wakavuka kwa mitumbwi chini ya Kasumulu, wakarudi na sabuni, chumvi na vitenge chini ya mikungu ya ndizi. Kwa sheria ilikuwa magendo. Kwa nyumba yetu ilikuwa ndiyo njia ya mtoto mchanga kuogeshwa. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi, nchi nzima ilikuwa imechoshwa na walanguzi wakubwa waliokuwa wakificha shehena, na msako ule ulipendwa, hata na baba. Lakini hofu haikuchagua. Jirani yetu mmoja, mjane, alitumbukiza sabuni zake zote chooni usiku aliposikia gari la polisi limeonekana Katumba. Gari lilikuwa linapita tu. Asubuhi alikuja kwetu kuomba majivu ya maganda.

Haya si mambo ya damu, na najua kwamba mtu wa Kagera aliyezika watoto wake akisoma habari za sabuni anaweza kuona nachezea maumivu yake. Siyachezei. Nasema tu kwamba vita huanza kuwala watu mahali fulani na kisha hutembea, na vinapofika mbali vinakuwa vimeshabadilika sura kiasi kwamba hakuna anayevitambua. Mama hakujua kwamba analipia majeshi yetu kufika Kampala. Alijua tu kwamba sabuni hakuna.

Baba Mdogo alirudi akiwa mzima. Kijiji kilimpokea kwa vigelegele, alibebwa juu mabegani kutoka barabarani, na kwa wiki nzima watu walikuja kumtazama. Hakuwa amepoteza kiungo. Alioa, akapata watoto, akalima chai kidogo na kuuza majani kiwandani. Kwa kuwa hakuwa askari wa kudumu hakuwa na pensheni, na sikumsikia akiidai. Tuliona mabadiliko yake polepole tu. Hakukaa tena chumba kimoja na redio. Alilala mlangoni, si kitandani, na mkewe akazoea.

Kilichowashangaza watu kabisa kilitokea msibani. Wakati ule bado kulikuwa na misiba ya wazee iliyopigiwa ngoma za kale, wanaume wakicheza kwa mikuki na marungu, wakikimbia mbele na kurudi, wakipiga miguu mpaka vumbi linapanda, huku wanawake wakilia kwa sauti. Monica Wilson aliuandika mchezo huo kwa urefu, jinsi mazishi ya Mnyakyusa yalivyokuwa na vita ndani yake, wanaume wakiyakabili mauti kama adui aliyeko uwanjani. Vijana walijua kucheza, na Baba Mdogo kabla ya kwenda alikuwa hodari kuliko wote. Siku hiyo alipewa mkuki. Akaupokea kwa mikono miwili kwa heshima, akauegemeza kwenye mgomba, akaenda kukaa na wanawake. Wazee wakanong'ona. Mmoja akasema vita vimemwogopesha. Bibi yangu, ambaye kwa kawaida hakubishana na wanaume hadharani, akasema kwa sauti: yeye ndiye peke yake hapa anayejua mkuki ni kitu gani.

Aliniambia habari zake mara moja tu, nilipokuwa nimeshakuwa mwalimu. Tulikuwa tumekwenda Masoko kwenye mazishi, na wakati wa kurudi akataka tupite ziwani. Ziwa Masoko, au Kisiba, limekaa ndani ya shimo la volkano ya zamani, maji yake yametulia, na juu ya ukingo wake limesimama jengo la mawe walilojenga Wajerumani kwa ajili ya askari wao, ambalo baadaye lilitumika kama mahakama ya mwanzo. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walipozidiwa katika vita vya kwanza vya dunia walitupa silaha na fedha zao humo ziwani. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey, yakitokea Nyasaland, yaliingia Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu yetu ya leo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na sharika zikabaki mikononi mwa wenyeji. Baba yake bibi alichukuliwa kubeba mizigo, kama watu wengi wa hapa, kwanza na upande mmoja na kisha na mwingine, na hakuna aliyemweleza Mfalme wa Uingereza na Kaisari wanagombania nini. Katika Afrika Mashariki yote Waingereza walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja, na karibu laki moja walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao. Kuhusu vita hivyo sina swali la haki. Havikuwa nayo, kwa upande wetu, hata punje.

Tulikaa kwenye nyasi juu ya ziwa, na Baba Mdogo akaanza kuzungumza juu ya Masaka, kule Uganda, bila mimi kumuuliza. Mji ule ulitekwa Februari 24, 1979, na baada ya yale waliyoyaona Kagera askari wetu hawakuuacha. Waliushusha kwa mizinga na baruti, nyumba baada ya nyumba, hata zile ambazo hazikuwa na askari wa Amin. Alisema hapo mwanzo alifurahi. Alikuwa amepita Kyaka, alikuwa ameona kilichobaki cha watu. Alisema, "Tulikuwa tunalipa." Kisha akaingia nyumba moja pembezoni mwa mji kutafuta maji. Ilikuwa imezungukwa na migomba, imepandwa kwa mistari kama ya kwetu, na uwanja umefagiliwa. Jikoni kulikuwa na sufuria ya ndizi zilizomenywa, zimelowekwa majini tayari kupikwa, na zimeshaanza kuwa nyeusi. Kisu bado kilikuwa na utomvu.

"Nikaona ni jiko la mama yangu," akaniambia. "Mwenyewe amekimbia na kuacha ndizi. Nikatoka nje, na tukaipiga ile nyumba."

Sikumwambia kwamba ilikuwa vita, au kwamba Amin ndiye aliyeanza. Aliyajua hayo yote kuliko mimi. Niliona tu kwamba ndani ya mtu mmoja mambo mawili yalikuwa yamekaa pamoja miaka yote hiyo na hakuna lililofuta jingine: kwamba alikwenda kwa sababu ya haki, na kwamba aliibomoa nyumba ya mwanamke ambaye hakumkosea lolote. Taifa zima linapaswa kuweza kukaa hivyo. Badala yake tumechagua lile la kwanza, tukaliimba, na lile la pili tukawaachia akina Baba Mdogo walale nalo mlangoni.

Nadhani kosa letu kubwa katika kuzungumzia vita ni kuiona haki kama kitu kinachopatikana mara moja, siku ya kwanza, na kudumu mpaka mwisho. Haki ya kuyatoa majeshi ya Amin Kagera ilikuwa kamili. Ya kuingia Mutukula, ng'ambo tu ya mpaka, Januari 1979, ili asirudi kupiga mizinga kutoka mlimani, naiona pia. Ya kubomoa Masaka siioni. Ya kwenda Kampala, iliyotekwa Aprili 11, nimeifikiria miaka mingi. Walioikosoa katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Monrovia Julai 1979 walisema nchi haina ruhusa ya kupindua serikali ya jirani, na wengi wao walikuwa wamenyamaza Amin alipokuwa akiwaua Waganda. Kunyamaza kwao kuliwapunguzia haki ya kusema. Nakubali kwamba Amin aliyeachwa Kampala angerudi. Lakini angalia kilichofuata: Yusuf Lule alikaa siku 68, Godfrey Binaisa hakumaliza mwaka, uchaguzi wa Desemba 1980 ukazaa malalamiko, Yoweri Museveni akaingia msituni Februari 1981, na Luwero ikajaa mafuvu. Majeshi yetu yalikuwa yamebaki huko mpaka 1981, yakilishwa na nchi isiyo na chumvi. Waganda waliokombolewa Aprili walikuwa wakiuana tena baada ya muda mfupi. Sisemi tuliyaleta hayo. Nasema kila kilomita mbele ya mpaka ilihitaji sababu yake, na sioni kama kila mara tuliulizana.

Miaka michache iliyopita nilianza kuandika kwenye daftari majina ya waliokwenda Kagera kutoka kata yetu, kwa kuwauliza wazee na wajane, na pembeni ya kila jina naandika nyumba ile ilitoa nini. Ofisi yoyote ya kijiji ingeweza kuifanya kazi hiyo, na natamani zote ziifanye wazee hawajaisha. Mjane mmoja wa upande wa Busokelo aliniuliza kama naandika kwa ajili ya fidia. Nilipomwambia hapana, akakubali kusema.

Hata vita visivyo vyetu tunavilipia. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, wakulima wa viazi wa Isongole na Ndaga waliona mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP ukiuzwa kwa zaidi ya Sh 100,000, mpaka serikali ilipoweka ruzuku ukashuka hadi 70,000. Kuna waliopunguza mashamba msimu ule, na hawakujua pa kuuelekeza ulalamishi wao. Naona dunia nzima imeunganishwa sasa kwa namna ambayo vita vya mtu yeyote vitapita jikoni kwako, na kwa hiyo anayeanzisha vita leo ana watu wengi zaidi wa kuwajibu kuliko alivyokuwa Kaisari.

Mwezi uliopita mpwa wangu, aliyemaliza mafunzo ya JKT pale Itende, alikuja kunisalimia. Anataka kuingia jeshini. Baada ya shikamoo na chai akaniuliza moja kwa moja, "Mjomba, unasema Kagera ilikuwa haki. Na Kongo je?"

Nilimweleza ninavyoona. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipounda kikosi cha kwanza chenye ruhusa ya kushambulia, kamanda wake alikuwa Mtanzania, Brigedia James Mwakibolwa, jina ambalo masikioni mwa mtu wa Rungwe halihitaji kutambulishwa. Watu wa Kivu walikuwa wanafukuzwa makwao na kuuawa, wanalia kwa Kiswahili kilekile tunachokisema, na waasi wa M23 walivunjwa Novemba mwaka uleule. Hiyo niliiona ni haki na bado naiona. Kisha Desemba 7, 2017 askari wetu 14 wakauawa kwa usiku mmoja kwenye kambi ya Semuliki. Kisha M23 wakaibuka upya, na Januari 2025 wakaichukua Goma, vikosi vya SADC vikiwemo vyetu vikiwa palepale, mpaka viongozi wakakubaliana viondoke. Miaka kumi na miwili, na mwanamke wa Goma bado anakimbia na kuacha ndizi majini. Nilimwambia kwamba kuwalinda watu wale lilikuwa jambo la haki mwaka 2013, na kwamba sioni tena ni kwa njia gani bunduki zetu zitawalinda wakati madini, majirani na serikali yao wenyewe vimebaki vilevile. Anayemtuma huko awe na jibu la hilo kwanza, na alitoe hadharani, kabla kijana hajapanda ndege.

"Na nikitumwa bila jibu?" akauliza.

Nikamwambia aulize akiwa bado nyumbani, maana akishavaa sare hataruhusiwa. Akasema usaili ni wiki mbili zijazo na atakwenda. Nikampa daftari asome usiku ule.